JIONI NI YA NANI?

Saa mbili za usiku imekwisha pita. Chakula kimeandaliwa, watoto wameketi, na baba wa nyumba ameinua mkono kufanya ishara ya msalaba. Mara simu iliyo kando ya sahani yake inalia. Ni ujumbe wa mkuu wake wa kazi: "Samahani kwa usumbufu, naomba zile hesabu za wiki kabla hujalala." Baba anajibu, "Sawa, mkuu," anainuka, anaiacha sahani yake. Mama anawaambia watoto wale tu, kwa kuwa baba ana kazi. Hapo mtoto mdogo anauliza, "Kwani baba hajatoka kazini?"

Nyumba hii ni ya mfano tu, wala hatumsemi mtu yeyote. Lakini twaamini kwamba wasomaji wetu wengi wataitambua kana kwamba ni nyumba yao wenyewe. Na swali la mtoto huyo, ambalo hakuna aliyelijibu, si la kitoto hata kidogo. Ni swali la haki: mtu akiisha kutimiza saa zake za kazi, jioni ile iliyobaki ni ya nani?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala. Ujumbe mmoja, watasema, huchukua dakika mbili; mfanyakazi mwema hawezi kuhesabu dakika mbili. Twakubali kwamba ujumbe mmoja si kitu. Lakini bandu bandu humaliza gogo. Leo dakika mbili, kesho nusu saa, na baada ya mwaka mmoja hakuna tena saa ambayo mtu aweza kusema kwa hakika, "Sasa nimetoka kazini." Hata usiku ambao simu haikulia, masikio yake yanaingojea. Mwili wake uko mezani pamoja na wanawe, lakini yeye hayupo.

Tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Zamani ofisi ilikuwa mahali. Ilikuwa na kuta, mlango na kufuli. Karani aliacha jalada juu ya meza, akavaa koti lake, akaenda zake. Na mkuu wa kazi, hata akiwa mkali namna gani, hakuweza kumfuata mpaka nyumbani. Watu walidhani kwamba kuta zile zilikuwa zikimfunga karani. Kumbe zilikuwa zikimlinda pia. Simu ya mkononi ndiyo iliyoutoboa ukuta huo, na ugonjwa wa korona ulipoenea duniani mwaka 2020, katika nchi nyingi ukuta wenyewe ulianguka. Ofisi zilibaki tupu, na kazi ikahamia sebuleni na jikoni.

Hatutaki kuwa watu wa kulaani kila kipya. Mama anayeweza kuandika taarifa yake nyumbani siku mtoto anapougua, badala ya kuomba ruhusa kwa woga, amepata faida ya kweli. Mtu aliyekuwa akipoteza saa mbili au tatu kila siku katika foleni ya magari amerudishiwa saa hizo, na pengine ameziona sura za watoto wake kungali mchana. Hayo ni mema, na ofisi ya siku zijazo yafaa iyahifadhi. Tunachosema ni kwamba mlango ule wa zamani ulikuwa na kazi mbili. Ulimtoa mtu nyumbani asubuhi, na jioni ulimrudisha kwa watu wake. Sisi tumefurahi kuuvunja kwa ajili ya ile kazi ya kwanza, tukaisahau ya pili.

Basi, tuingie katika kiini cha jambo. Mtu anapoajiriwa, anauza nini?

Neno moja la lugha yetu laweza kutufundisha. Twasema "kibarua" tukiwa na maana ya mtu wa kazi ya kutwa. Lakini katika pwani yetu, karne ya kumi na tisa, vibarua wengi walikuwa watumwa. Bwana alimpeleka mtumwa wake kufanya kazi kwa mtu mwingine kwa ujira wa siku, na jioni ujira ule uligawanywa: fungu la bwana na fungu la mtumwa. Yaani mtumwa yule alipata fedha, na bado alikuwa mtumwa. Basi tofauti kati ya mtumwa na mfanyakazi huru haiko katika mshahara peke yake. Iko katika jambo hili: mfanyakazi huru anauza saa kadhaa na ustadi wake ndani ya saa hizo, lakini mtumwa amekwisha uzwa yeye mwenyewe, hata zile saa alizolala. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hatuthubutu kumlinganisha karani wa leo na wale walioteswa sokoni humo. Kufanya hivyo kungekuwa kuwadharau. Lakini kanuni ni ile ile. Mtu huru ni mtu mwenye saa ambazo hakuna aliyezinunua.

Baba Mtakatifu Leo XIII aliliona jambo hili mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, wakati viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikiwala watu. Alifundisha kwamba katika kila mapatano ya kazi, hata kama hayakutaja, limo ndani yake sharti kwamba mtu apewe pumziko la mwili na la roho. Tena alifundisha kwamba mfanyakazi mwenyewe hana ruhusa ya kuliuza pumziko hilo, kwa kuwa si mali yake ya kuuza. Ni deni lake kwa Mungu. Wasomaji na walitafakari neno hili. Mara nyingi twasikia, "Lakini mwenyewe alikubali." Naam, alikubali, pengine kwa kuwa anajua wako kumi wanaokingojea kiti chake. Kukubali kwa mtu mwenye hofu hakuwezi kugeuza dhuluma kuwa haki.

Serikali za dunia nazo zilifika huko polepole. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa: kazi ya viwandani isizidi saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki. Mwaka 1930 ukaja mkataba mwingine kwa watu wa maduka na ofisi. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kazi ya kawaida isizidi siku 6, saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Saa za ziada ziwe kwa mapatano, nazo zilipwe mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho zipite saa 12 mfululizo. Na kila wiki mtu apate pumziko la saa 24 pasipo kukatizwa. Tuzihesabu hizo saa 12. Mtu aliyetakiwa kutuma hesabu saa nne za usiku, kisha akatakiwa kuwa kwenye meza yake saa mbili asubuhi, amepewa saa 10. Mbili zake zimechukuliwa. Kama ni shilingi zingechukuliwa mfukoni mwake, tungejua jina la tendo hilo.

Madhara yake yamekwisha pimwa pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba, kwa mwaka 2016 peke yake, watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mtu wa namna hiyo, yalisema, yu katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi kuliko yule anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Hao si watu waliokufa migodini au kuangukiwa na magogo. Wengi wao walikufa baadaye, vitandani mwao, na huenda hakuna aliyefikiri kwamba ni kazi iliyowaua.

Kwa sababu ya hesabu hizo makampuni makubwa yameanza kusema habari za ustawi wa wafanyakazi. Yanaleta washauri, yanatoa semina, yanatenga siku ya michezo. Twashukuru, hata hivyo, tuisikilize vema sababu inayotolewa. Mara nyingi husemwa kwamba mfanyakazi aliyepumzika hutoa kazi zaidi. Huenda ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu mtu hutia mafuta katika mashine. Ikiwa twampumzisha mtu kwa ajili ya faida tu, basi siku faida itakapoonekana kupatikana kwa kumchosha, tutamchosha na dhamiri isitusute. Pumziko la mtu ni haki yake hata pale ambapo halimwongezei mwajiri senti moja. Mtu hapumziki ili afanye kazi. Anafanya kazi ili apate kuishi, na kuishi maana yake ni kukaa na mke au mume, kumfundisha mtoto kusali, kumtazama mgonjwa wa jirani, kukaa kimya mbele ya Mungu.

Sasa tuzisikie hoja za upande wa pili, maana zina uzito.

Ya kwanza: ziko kazi zisizoweza kufungwa kwa kengele. Mkunga hawezi kumwambia mtoto angoje asubuhi, wala fundi wa umeme hawezi kuliacha jiji gizani. Ni kweli. Lakini dharura hujulikana kwa kuwa ni ya mara chache, na kwa kuwa kweli kuna mtu atakayeumia isiposhughulikiwa. Hesabu za wiki hazimuui mtu zikingoja kesho. Mkuu wa kazi aliyeshindwa kupanga siku yake vema, kisha akaziita kasoro zake dharura, anawalipisha wengine deni lake mwenyewe.

Ya pili: wafanyakazi wenyewe si malaika. Yuko anayefika saa tatu badala ya saa mbili, anayetumia asubuhi nzima kusoma habari za mpira katika simu, na wananchi wamepanga foleni nje wakiambiwa, "Njoo kesho." Hili nalo twalikiri, tena kwa aibu. Saa za kazi ni mali ya mwajiri kama vile saa za jioni zilivyo mali ya mfanyakazi. Aibaye asubuhi ya watu hana uso wa kudai jioni yake. Haki ni mzani. Haiwezi kuwa na sahani moja.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: sisi ni nchi changa, yatupasa kufanya kazi kwa bidii, na habari za kupumzika ni anasa za matajiri. Wanaosema hivi waweza hata kulitaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilisema kwamba saa 45 kwa wiki ni chache kwa nchi kama yetu. Lakini na walisome mpaka mwisho wa fungu hilo. Azimio lile lile lilitazama vijijini, likaona kwamba wanawake walikuwa wakifanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Dominika na sikukuu, na wanaume wengi wakikaa bure. Halikutaka aliyelemewa alemewe zaidi. Lilitaka mzigo ugawanywe. Hapo ndipo penye bidii ya kweli: si mmoja kufa na kazi huku mwingine akikaa kivulini, au huku vijana wenye vyeti wakizunguka na bahasha zao kutafuta nafasi.

Mataifa mengine yamejaribu kuuweka tena ule mlango kwa njia ya sheria. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, makampuni yenye watu 50 au zaidi yanapaswa kupatana na wafanyakazi juu ya haki ya kuzima vyombo vya kazi baada ya saa zake. Ureno imeweka sheria inayomkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa kwa jambo lisilozuilika. Australia ilifuata mwaka 2024. Nchini Kenya mswada wa namna hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022. Twazisifu jitihada hizo. Lakini sheria hufika mpaka mlango wa ofisi; mlango wa nyumba hulindwa na dhamiri.

Na hapa, msomaji mpendwa, twaomba radhi, kwa maana hatuna budi kurudi katika ile nyumba ya mwanzo na kutazama upande ambao hatukuutazama.

Baba ameinuka mezani akinung'unika juu ya mkuu wake. Mama amemhurumia. Lakini chakula kile nani alikipika? Jikoni yumo binti wa miaka kumi na tisa, aliyeletwa kutoka kijijini. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandalia watoto chai na sare za shule. Amefua, amepiga deki, amebeba mtoto mgongoni, amekwenda sokoni. Sasa ni saa tatu za usiku, naye anangoja sahani zirudi apate kuziosha. Saa sita mtoto atalia, na sauti itaita, "Dada!" naye ataitika, "Abee, mama." Dominika familia itakwenda Misa, naye atabaki kulinda nyumba.

Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu! Sisi tunaosikitika kwamba nyumba zetu zimegeuzwa kuwa ofisi, tumesahau kwamba nyumba zetu zilikuwa mahali pa kazi pa mtu mwingine tangu zamani, tena mahali pasipo saa wala kengele. Ile sheria ya mwaka 2004 haikumwacha nje binti huyu. Kwa mtu akaaye papo hapo anapofanyia kazi, mapatano ya maandishi yaweza kulipunguza pumziko la usiku hadi saa 8, lakini hayawezi kulifuta. Na Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa mwaka 2011 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, liliwatakia pumziko la saa 24 mfululizo kila wiki kama watu wengine wote. Je, ni nyumba ngapi kati ya zetu ambamo binti wa kazi ameonyeshwa siku yake ya kupumzika?

Amri ya kuitakasa siku ya Bwana, kama ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati, haikumwamuru mwenye nyumba apumzike peke yake. Ilimtaja mtumishi wake wa kiume na wa kike, wapate kupumzika kama yeye. Iliwataja hata ng'ombe na punda. Na sababu yake ilielezwa papo hapo: wao wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Anayejua uchungu wa kuitwa usiku ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuacha kumwita mwingine.

Tukitazama mbele, twaona kwamba jambo hili litazidi kuwa gumu. Mashine za akili mnemba zimekwisha ingia maofisini. Zinaandika barua, zinapiga hesabu, zinajibu maswali usiku na mchana, wala hazichoki, wala hazina watoto mezani. Siku mbili baada ya kuchaguliwa kwake, mwezi wa Mei 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaeleza makardinali kwamba alilichukua jina la Leo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa kuwa mapinduzi mapya ya namna ya kazi yanaleta tena maswali juu ya heshima ya mtu, haki na kazi. Hofu yetu si kwamba mashine zitakuwa kama watu. Hofu yetu ni kwamba watu watapimwa kwa kipimo cha mashine, na yule atakayelala usiku ataonekana mvivu.

Basi tufanye nini? Tusingoje bunge. Mkuu wa kazi anayesoma makala hii aweza kuanza usiku wa leo: jambo likimjia kichwani saa tatu za usiku, aliandike katika daftari lake, alipeleke asubuhi. Mfanyakazi naye aipe asubuhi yake uaminifu wote, ili jioni aweze kuifunga simu bila kusutwa. Na kila familia, kabla ya kulala, iketi pamoja na mtu anayeitumikia, ipatane naye kwa maneno ya wazi: utalala saa ngapi, utapumzika siku gani, utakwenda Misa au kwa ndugu zako lini. Mapatano hayo yaandikwe, na yabandikwe jikoni, mahali ambapo watoto wanaona. Watajifunza hapo mafundisho ya Kanisa juu ya kazi, kabla hawajajua kuyasoma.

Mtoto aliuliza kama baba yake hajatoka kazini. Siku moja atauliza pia kama dada ametoka kazini. Heri nyumba ambayo itaweza kumjibu maswali yote mawili bila kuona haya.